Je, Nyumba Iliyofungwa Haina Deni?

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi palizuka swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza lilikuwa ni la mabaraza ya miji tu, lakini tulipolitazama vizuri tuliliona lina mizizi katika fikihi na katika ujirani. Mmoja wetu, ambaye nduguye anakaa Uingereza, alieleza kwamba huko mwenye nyumba ya pili anayoiendea kwa mapumziko, na mwenye nyumba tupu isiyokaliwa na mtu, huweza kutozwa na baraza la mji kodi kubwa kuliko atozwayo jirani yake anayekaa nyumbani mwake mwaka mzima. Akauliza: "Maalim, hii si dhulma? Mtu amenunua kwa mali yake ya halali, hamdhuru yeyote, hatumii maji wala hatupi taka, kisha alipe mara mbili kwa kuwa amefunga mlango wake?" Wengine wakamwunga mkono. Wengine wakacheka wakasema, afadhali matajiri nao waonje. Sisi tuliona majibu yote mawili ni ya haraka, tukaomba muda. Leo twaandika tuliyoyafikia, nasi twamwomba msomaji ayapime kwa akili yake, asiyapokee kwa sababu tu yametoka kwetu.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata kulijua kwake. Basi na tulijue kwanza.

Uingereza kila nyumba hulipiwa kodi ya baraza, nayo ilianza mwaka wa 1993 na hupimwa kwa daraja ya thamani ya nyumba. Katika nchi ya Wales, sheria ya mwaka wa 2014 iliyapa mabaraza ruhusa, kuanzia Aprili 2017, kuongeza hadi 100 kwa mia juu ya kodi ya nyumba za pili na nyumba zilizokaa tupu muda mrefu; yaani mwenyewe alipe mara mbili. Kuanzia Aprili 2023 kikomo kilipandishwa hadi 300 kwa mia, yaani mara nne. Baraza la Gwynedd, kaskazini-magharibi ya Wales, lilianza mwaka huo kutoza nyongeza ya 150 kwa mia kwa nyumba za pili. England nayo imefuata: nyumba iliyokaa tupu mwaka mmoja yaweza kuongezewa 100 kwa mia tangu Aprili 2024, na nyumba ya pili tangu Aprili 2025. Wala si Uingereza peke yake. Mji wa Vancouver, katika Kanada, ulianza mwaka wa 2017 kutoza nyumba tupu 1 kwa mia ya thamani yake kila mwaka, na mwaka wa 2021 ukaipandisha ikawa 3 kwa mia.

Sasa tuulize sababu. Gwynedd ni nchi ya watu wenye lugha yao wenyewe, Kiwelisi, waliyoihifadhi kwa taabu pembeni mwa Kiingereza. Pwani yake ni nzuri, na matajiri kutoka miji mikubwa wamekuwa wakinunua nyumba huko ili wapumzike wiki chache za jua. Bei ikapanda mpaka kijana aliyezaliwa pale, awe mvuvi au mwalimu, asiweze kununua wala kupanga. Katika kijiji cha Abersoch wakazi wa mwaka mzima walipungua, watoto wakapungua, na mwezi wa Desemba 2021 skuli ya msingi ya kijiji ikafungwa kwa uchache wa wanafunzi. Nyumba zipo, zimepakwa rangi, bustani zimekatwa vizuri. Lakini wakati wa baridi ukipita usiku huoni taa. Hasira ya jambo hili ilikuwa imekwisha kuzaa ubaya zamani: kuanzia mwaka wa 1979, kwa zaidi ya miaka 10, watu wa siri walizichoma moto nyumba nyingi za mapumziko katika Wales. Sisi hatukisifu kitendo hicho, kwani kuharibu mali ya mtu ni haramu. Twakitaja ili ijulikane kwamba palipo na dhara lisilosikilizwa na sheria, shetani hupata masikio.

Turudi katika swali letu. Mwenye kuipinga kodi hii ana hoja tatu, nasi hatupendi kuzidharau.

Hoja ya kwanza ni milki. Nyumba ni yake, na mtu ana haki ya kufanya katika mali yake atakavyo. Hoja hii ina nguvu katika madhehebu yetu ya Kishafii. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho sote tumekisoma au tumewasikia wazee wetu wakikisoma, amefanya tofauti kati ya mnyama na nyumba. Mwenye mnyama hulazimishwa kumlisha. Mwenye nyumba halazimishwi kuijenga inapoharibika, kwa kuwa haina roho. Basi mtu aweza kusema: ikiwa sheria hainilazimishi hata kuitengeneza, itanilazimishaje kuifungua?

Jawabu letu ni kwamba wanavyuoni hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba kuiacha nyumba mpaka ikabomoka ni makuruhu, kwa kuwa ni kupoteza mali. Wakatoa katika hukumu hiyo mali ya yatima na mali ya wakfu, kwani msimamizi wake hana ruhusa ya kuiacha iharibike. Na Minhaji hiyo hiyo imeweka mpaka wa milki: kila mtu hutumia mali yake kwa kadiri ya ada, na akipita mpaka akadhuru, hulipa. Ada ya nyumba ni nini? Nyumba imejengwa ikaliwe. Mtu akiifunga kwa safari, kwa ugonjwa au kwa msiba, hajatoka katika ada. Lakini nyumba 100 za mtaa mmoja zikifungwa miezi 11 katika 12, hiyo si ada tena. Hilo ni jambo jipya, na dhara lake ni jipya, japokuwa kila mmoja katika wale 100 akisimama peke yake haonekani kuwa amemdhuru mtu.

Tena tuna mfano wa Sayyidna Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa amempa Bilal bin Harith ardhi ya Aqiq karibu na Madina. Ulipofika wakati wa Umar ilionekana sehemu kubwa haikulimwa. Umar alimwambia kwa maana hii, kwamba Mtume hakumpa ardhi ile aizuilie watu, bali aitumie. Basi na achukue kiasi awezacho kukifanyia kazi na kilichobaki akirudishe kwa Waislamu. Na imepokewa kwake kwamba mwenye kuizungushia ua ardhi iliyokufa, kisha akaiacha miaka 3 bila ya kuihuisha, haki yake imekwisha. Tusizidishe kiasi katika dalili hii. Ardhi ya Aqiq ilikuwa ni ya kupewa, na nyumba tunayoizungumza imenunuliwa kwa mali. Kwa hiyo hatusemi nyumba inyang'anywe. Lakini maana yabaki, kwamba kuwa na kitu ambacho watu wanakihitaji na kukizuia bila ya kukitumia si jambo lisilo na hisabu. Na kodi hii hainyang'anyi. Yamwacha mwenye nyumba na hiari yake, kisha yamwambia hiari hiyo ina thamani.

Hoja ya pili ni kwamba asiyekuwapo hatumii huduma, basi alipe kidogo, si zaidi. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini yasahau thamani ya nyumba imetoka wapi. Jiwe na chokaa ni vile vile mjini na porini. Nyumba ya mjini yapata bei kwa sababu ya msikiti ulio karibu, soko, skuli, njia iliyofagiwa, mtaro unaopitisha maji, na jirani anayemwuliza mgeni usiku, "Wamtaka nani?" Vyote hivyo hushikwa na wale wanaokaa. Mwenye kufunga mlango wake akangoja bei ipande, anavuna katika kazi ya jirani zake wala hapandi. Kisha nyumba isiyokuwa na mtu si kwamba haiugharimu mtaa. Sisi wa pwani twajua zaidi kuliko wengine. Nyumba zetu za matumbawe, chokaa na boriti huishi kwa kukaliwa. Mtu akiwamo huona tone la kwanza la uvujaji, akaziba ufa na akasafisha mdomo wa mfereji. Asipokuwamo, maji husimama juu ya sakafu, boriti huoza taratibu, na siku moja ukuta humwangukia asiyekuwa na hisa ndani yake. Kabla ya hapo huwa imekwisha kuingiwa na popo, kisha wavutaji wa unga.

Hoja ya tatu ni ya dini: Mtume (s.a.w.) amewakemea vikali watozao watu mali bila ya haki, na haki iliyo wajibu katika mali ni zaka. Kweli. Lakini tazama, ewe msomaji, nyumba hii imesimama wapi katika zaka. Nyumba ya kukaa haina zaka. Nyumba ya kupangisha, kodi yake ikikaa mwaka na kutimiza nisabu, ina zaka katika kodi hiyo. Nyumba iliyonunuliwa kwa nia ya biashara ina zaka katika thamani yake. Ama nyumba ya pili isiyokaliwa, isiyopangishwa wala kununuliwa kwa biashara, imepita baina ya milango yote mitatu: haimfai maskini kwa zaka, haimfai mpangaji kwa makao, wala haimfai mwenyewe ila siku chache. Na juu ya kuhodhi, ambako Mtume amekuita dhambi, wengi katika wanavyuoni wetu wamekuhusisha na chakula. Lakini Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, amesema kila ambacho kuzuiliwa kwake huwadhuru watu, kukizuia ni kuhodhi. Na Ibn Hazm wa Andalusi alipoyataja yale yanayompasa tajiri amtimizie maskini wa mji wake, na mtawala amlazimishe akikataa, alitaja chakula, nguo, na makao ya kumsitiri na mvua, jua na macho ya wapitao. Hawakuyaona makao kuwa ni anasa.

Kwa hiyo twaona kwamba asili ya kodi hii si dhulma. Lakini asili kuwa sawa hakutoshi, kwani haki nyingi zimeharibiwa katika kutekelezwa. Twataja masharti matatu.

La kwanza, wenye udhuru waachwe. England sheria imewapa muda wa miezi 12 wenye nyumba zilizotangazwa kuuzwa au kupangishwa, nyumba za marehemu baada ya idhini ya kusimamia mirathi kutolewa, na nyumba tupu zinazofanyiwa matengenezo makubwa. Huo ni uadilifu. Mjane anayengoja eda na mirathi si sawa na tajiri anayengoja bei.

La pili, hila zizibwe. Huko Wales baadhi ya wenye nyumba za pili waliziandikisha kuwa ni biashara ya kupangisha wageni ili watoke katika kodi ya baraza, na wengi wa wafanya biashara wadogo hawalipi chochote. Zamani ilitosha nyumba ipangishwe siku 70 kwa mwaka. Tangu Aprili 2023 lazima iwe imepangishwa siku 182. Sheria isiyotazama hila humlipisha mkweli na kumwacha mwerevu.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi, mtawala aanze na nafsi yake. Sultani Baybars alipotaka fatwa ya kuwatoza watu mali kwa ajili ya vita vya Watatari, Imamu Nawawi alikataa. Alimkumbusha dhahabu ya mikanda ya watumwa wake na mapambo ya wajakazi wake. Akitumia hayo kwanza na Hazina ikabaki tupu, hapo ndipo fatwa ingetolewa. Basi baraza lolote litakalotaka kutoza nyumba tupu za raia na lihesabu kwanza majumba yake lenyewe yaliyofungwa, lisomee watu hisabu hiyo, na fedha itakayopatikana iende katika makao, si katika magari.

Mpaka hapa tumesema ya ng'ambo. Twakhofu msomaji atafunga ukurasa huu akisema, hayo ni ya Wazungu. Na kwetu je?

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Kodi hii kwa muda mrefu imehesabiwa kwa thamani ya kiwanja, wala haikuuliza kama ndani yake kuna mtu alalaye. Lakini jambo lenyewe lipo. Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka wa 2001, na hasa Shela, nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya na matajiri kutoka Nairobi. Tuwe waadilifu: wengi wao walizikuta ni magofu wakazijenga vizuri, na mafundi na walinzi wetu wakapata riziki. Lakini kijana wa Shela akitaka kuoa, nyumba ya babu yake haipati tena, naye hupita nje ya mlango wa nakshi uliofungwa karibu mwaka mzima.

Hata hivyo makosa yote hayakutoka ng'ambo. Baada ya darsa ile mzee mmoja alibaki nyuma, akatushika mkono. "Mwanangu," alisema, "umezungumza kana kwamba umeingia nyumbani kwetu."

Tukamwambia: "Haikuwa nia yetu kukutaja, ami."

Akasema: "Najua. Nyumba ya marehemu baba, huku Mji wa Kale. Tu ndugu saba. Wawili wako Maskati, mmoja London, wanne tuko hapa. Kila mmoja ana ufunguo wake, wala hapana afunguaye. Mwenye kutaka kuuza hukatazwa, mwenye kutaka kukaa huambiwa alipe wenzake, mwenye kutaka kupangisha huambiwa atakula peke yake. Tangu mwaka wa 2009."

Akatueleza kwamba mwanamke mmoja wa mtaa ule ule, mwenye watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga, aliwahi kumwomba vyumba vya chini kwa kodi. Yeye akamjibu angoje ndugu wakubaliane. Mwanamke akangoja mwaka na nusu, kisha akahamia mbali upande wa Kisauni, na wale watoto wakaacha chuo walichokuwa wakisoma. Mvua ya masika iliyofuata, sakafu ya juu ya nyumba ile ikaporomoka usiku. "Yule mama angekuwamo," alisema mzee, "angetuambia mapema kwamba pavuja." Akanyamaza, kisha akauliza: "Hapo dhalimu ni nani, sheikh? Maana sisi sote twasali."

Swali lile tulikwenda nalo nyumbani. Na jawabu tuliloliona ni hili: katika wale saba hapana hata mmoja aliyekusudia dhulma, na dhulma imefanyika. Kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi, akaishika barabara, na haki saba zilipokutana zikaifunga nyumba. Hii ndiyo sababu kodi ya namna hii haifai kudharauliwa. Yenyewe haitafuti mwenye nia mbaya. Huliwekea bei jambo ambalo kila mmoja aliona ni bure, yaani kungoja.

Lakini hapa pana hatari ambayo Wales hawanayo kwa kadiri yetu, nasi hatutaificha. Sheria hiyo ikiletwa pwani kesho kama ilivyo huko, itamgonga kwanza nani? Tajiri wa Shela atailipa kama alipavyo mtunza bustani. Wale ndugu saba, ambao mali yao yote ni ukuta ule, hawataweza. Watauza kwa haraka, na mnunuzi mwenye fedha taslimu atakuwa ni yule yule tajiri. Kodi iliyokusudiwa kuwarudisha wenyeji itakuwa imewatoa. Kwa ajili hiyo twasema, pwani yetu kodi hii isitangulie kabla ya mirathi kugawanywa. Na ikija, nyumba ya warithi ipewe muda, na aliye mwenye ukuta asiye na fedha ruhusa ya kulipa nyumba itakapopangishwa au kuuzwa, huku mwenye nyumba ya anasa akitozwa kwa ukamilifu.

Ama sisi wenyewe hatuna haja ya kungoja kaunti. Mahakama ya Kadhi ipo, na mirathi ya Waislamu ni katika kazi zake. Marehemu akizikwa na madeni yake yakilipwa, fungu la kila mtu lijulikane, isingojwe mpaka wajukuu. Ndugu wasioafikiana kuuza na waafikiane kupangisha, kwa mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja mmoja, kodi igawanywe kwa mafungu, na sehemu itengwe kwa chokaa na boriti. Wasimamizi wa nyumba za wakfu na wakumbuke kwamba wao hawana hata ile ruhusa aliyo nayo mwenye milki. Na ndugu zetu walioko Maskati, Dubai na London, ambao nyumbani kwao hapa kumefungwa kwa mapenzi tu, kwa kutaka kuwa na pa kurudia, twawaambia kwa upole: mtakaporudi mtapenda kukuta mtaa. Na mtaa haukai kwa funguo zilizo ng'ambo.

Yule mzee ametuletea habari kwamba ndugu wanne walioko hapa wamekwisha kukaa pamoja, na barua zimepelekwa kwa wale watatu. Sakafu haijajengwa bado. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaafikishe, nasi sote atupe nyoyo za kutoa haki zilizo juu yetu kabla hatujadaiwa. Amin.